Kebo ya Pili: Mhadhara Kuhusu Swichi, Kitanzi na Mti

Jumatano ya tarehe 13 Novemba 2002, mtandao wa kompyuta wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ulianza kusuasua. Mtafiti mmoja alikuwa amepitisha humo mzigo mkubwa wa data. Haukupita muda, madaktari waliofungua kompyuta kutafuta majibu ya maabara wakakuta skrini zimeganda. Hakuna seva iliyoungua, hakuna mhalifu aliyevamia, hakuna kebo iliyokatwa. Hata hivyo kwa muda wa siku nne hospitali hiyo, ambayo ni miongoni mwa hospitali za kufundishia za Chuo Kikuu cha Harvard, ilirudi kwenye karatasi. Kitengo cha dharura kilifungwa kwa saa kadhaa. Majibu ya vipimo yalibebwa na matarishi waliokuwa wakikimbia kutoka maabara hadi wodini, na madaktari vijana waliozoea kuagiza dawa kwa kompyuta wakafundishwa na wazee wao namna ya kujaza fomu.

Wengi wanaposikia kisa hiki hudhani mtandao ule ulipungukiwa na njia. Sivyo. Njia za ziada zilikuwepo, kama zinavyokuwepo katika kila hospitali inayojali uhai wa mtandao wake. Kilichoshindwa ni ile itifaki inayoamua njia ipi ifanye kazi na ipi isubiri. Mafundi huifahamu kwa herufi tatu, STP. Katika mhadhara huu itaitwa mti mtandazo, kwa kuwa kazi yake ni kuzitandaza swichi zote za mtandao juu ya mti mmoja usio na kitanzi popote.

Haja ya kebo ya ziada haihitaji maelezo marefu. Chukua jengo la ghorofa tatu lenye swichi moja katika chumba cha seva, nyingine ukumbini na nyingine kwa wahasibu. Zikiunganishwa kwa mstari mmoja, panya akitafuna kebo ya katikati au fundi wa dari akiikanyaga, nusu ya jengo inakatika. Kwa hiyo mtu mwenye busara hulaza kebo ya tatu na kuzifanya swichi zote tatu ziwe pembetatu. Ikikatika moja, safari hupitia upande wa pili. Kwa gharama ya mita chache za kebo, jengo limepata bima.

Ila bima hiyo ina masharti, na chanzo chake ni tabia ya swichi yenyewe.

Swichi ni mwanafunzi wa kutazama. Kila fremu ya data inapoingia katika porti yake, yaani tundu la kuchomekea kebo, swichi husoma anwani ya mtumaji na kuandika kwenye jedwali lake: fulani yuko upande huu. Baadaye fremu ya fulani ikija, inajua pa kuipeleka. Ikiwa haimjui mlengwa, au ikiwa fremu ni tangazo la watu wote, huitoa katika kila porti isipokuwa ile iliyoingilia. Matangazo ya aina hiyo hayakomi kutwa nzima. Kompyuta ikiwashwa hupaza sauti kuuliza nani atakayeipa anwani. Ikitaka kuzungumza na jirani yake huuliza nani mwenye anwani hii. Katika mtandao usio na kitanzi, swali huwafikia wote mara moja na kuishia hapo.

Katika pembetatu mambo hubadilika. Tangazo likitoka kwa wahasibu huondoka kwa njia mbili, moja kuelekea ukumbini na nyingine kuelekea chumba cha seva. Kila swichi inalipokea, inalisambaza kwa watu wake, kisha inalisukuma mbele. Nakala hizo mbili zitapishana, zitarudi kwa wahasibu na kusukumwa tena. Hazitakoma. Kila tangazo jipya linaongeza nakala mbili nyingine zisizokufa, na mahali penye njia nyingi kuliko pembetatu nakala huzaana zenyewe kwa zenyewe. Kebo ya kasi ya gigabiti 1 inaweza kupitisha fremu ndogo 1,488,095 kwa sekunde. Kitanzi huijaza idadi hiyo kabla fundi hajatoka kwenye kiti chake. Kila kompyuta iliyounganishwa inalazimika kufungua kila tangazo ili kuona kama linaihusu. Wakati huohuo majedwali ya swichi yanavurugika, maana kompyuta ileile inaonekana mara iko kushoto, mara iko kulia. Mafundi huiita hali hii dhoruba ya matangazo, na walioishuhudia wanajua dalili yake: taa za porti zote humetameta kwa pamoja bila kupumzika, na hakuna anayepata huduma.

Mtu anaweza kuuliza mbona intaneti nzima, iliyojaa njia za ziada, haifi kwa ugonjwa huu. Wakazi wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wanakumbuka tarehe 12 Mei 2024, pale kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mawasiliano ya kanda nzima yakazorota. Hapo tatizo lilikuwa uchache wa njia. Waliobaki na njia nyingine waliendelea, ingawa kwa taabu. Jibu la swali ni kwamba data inayopita kati ya nchi na nchi huongozwa na ruta, na kila pakiti inayopitia kwenye ruta hubeba namba ya umri. Kila ruta hupunguza moja, na namba ikifika sifuri pakiti hutupwa. Pakiti iliyopotea katika mzunguko hufa. Fremu ya Etheneti haikupewa umri. Waliobuni Etheneti miaka ya 1970 walikuwa na kebo moja ndefu iliyogusa kompyuta zote, na katika kebo moja hakuna pa kuzunguka. Upungufu huo mdogo ndio uliozaa kazi yote inayozungumziwa hapa.

Aliyeubeba mzigo huo ni Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment nchini Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wateja walitaka kuunganisha Etheneti moja na nyingine kwa kisanduku ambacho kompyuta hazitajua hata kama kipo. Perlman alikuwa mtaalamu wa ruta, na aliamini kwamba kazi ya kuunganisha mitandao ilikuwa ya ruta. Programu nyingi za wakati ule, hata hivyo, zilikuwa zimeandikwa kwa Etheneti pekee na hazikuweza kupita kwenye ruta. Mkubwa wake akampa swali: visanduku hivyo vipangeje njia bila kitanzi, bila msimamizi wa kuvielekeza, na bila kila kisanduku kuhitaji kumbukumbu kubwa zaidi kadiri mtandao unavyokua? Kwa masimulizi yake mwenyewe, jibu alilipata usiku uleule, akaandika maelezo ya kiufundi kwa siku mbili, na muda uliobaki wa wiki akautumia kutunga shairi fupi liitwalo Algorhyme linaloeleza kanuni hiyo. Kwa jamii iliyolelewa na tenzi, kuhifadhi elimu ndani ya ushairi si jambo geni, na inapendeza kujua kwamba mwanawe baadaye alilitungia muziki. Makala yake ya kitaalamu ilichapishwa mwaka 1985. Mwaka 1990 taasisi ya IEEE iliifanya kanuni hiyo kuwa sehemu ya kiwango chake kijulikanacho kama 802.1D.

Kanuni yenyewe inafanana na kikao cha watu wasiofahamiana wanaotafuta mwenyekiti gizani. Kila swichi inapowashwa hujitangaza kuwa ndiyo mzizi wa mti. Ujumbe huo, ambao mafundi huuita BPDU, hutoka kila baada ya sekunde 2 ukiwa na utambulisho wa anayejitangaza. Swichi ikisikia utambulisho wenye namba ndogo kuliko wake, hunyamaza na kuanza kumtangaza huyo. Muda si mrefu wote wanamtaja mmoja. Baada ya hapo kila swichi hutafuta porti yake iliyo karibu zaidi na mzizi na kuiacha wazi. Katika kila kebo, swichi ya upande mmoja hupewa dhamana ya kuihudumia kebo hiyo. Porti yoyote isiyoangukia katika makundi hayo mawili hufungwa. Inafungwa kwa data tu, kwa sababu masikio yake hubaki wazi kwa BPDU, na siku salamu hizo zikikatika inajua kwamba zamu yake imefika.

Karibu na mzizi hapa si hesabu ya mita. Kila kebo ina gharama kulingana na kasi yake. Katika viwango vilivyoenea, kebo ya megabiti 100 hugharimu 19, ya gigabiti 1 hugharimu 4 na ya gigabiti 10 hugharimu 2. Njia yenye kebo mbili za gigabiti 1 ina jumla ya 8 na inaishinda njia ya moja kwa moja ya megabiti 100. Dereva yeyote anayezunguka kwa barabara ya lami ili kuepuka njia ya mkato yenye matope anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka ni uchaguzi wa mzizi, na hapo ndipo inafaa kutulia. Utambulisho wa swichi una sehemu mbili. Ya kwanza ni namba ya kipaumbele ambayo msimamizi anaweza kuibadilisha. Kiwandani huwekwa 32768. Ya pili ni anwani ya MAC ambayo swichi huzaliwa nayo. Ikiwa hakuna aliyegusa kipaumbele, swichi zote zinalingana, na mshindi ni mwenye anwani ndogo zaidi. Kwa vifaa vya kampuni moja, anwani ndogo mara nyingi ni ya kifaa cha zamani. Hivyo ofisi inaweza kununua swichi ya thamani kubwa, ikaiweka katika chumba chenye kiyoyozi na umeme wa akiba, halafu mzizi wa mtandao ukawa kile kisanduku kikongwe kilichotundikwa stoo, na safari za data zikapindishwa kuelekea huko. Mtandao utafanya kazi. Utakuwa mzito tu, na hakuna atakayejua kwa nini.

Dawa yake ni mstari mmoja wa amri. Kipaumbele hupangwa kwa hatua za 4096. Swichi iliyo katikati ya mtandao, yenye nguvu na inayolindwa vizuri, ipewe 4096. Mrithi wake apewe 8192, ili mzizi ukizimika kiti kisigombewe na stoo. Zinazobaki ziachwe kama zilivyo. Asiyefanya hivi hajaepuka uamuzi. Ameuachia mpangilio wa namba za kiwandani. Kati ya mambo yote ya kuunganisha swichi kwa kebo za ziada, hili ndilo lenye faida kubwa kwa kazi ndogo, na ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Toleo la kwanza la itifaki lilikuwa na mwendo wa kobe, na kwa sababu nzuri. Porti iliyofungwa, ikiacha kusikia salamu za mzizi, ilisubiri hadi sekunde 20 kabla ya kuamini kwamba njia imekufa. Kisha ilikaa sekunde 15 ikisikiliza na sekunde 15 nyingine ikijifunza anwani, ndipo ikaanza kupitisha data. Jumla ni sekunde 50. Tahadhari hiyo ilitokana na hofu ya haki kabisa: kitanzi cha nusu dakika kina madhara zaidi kuliko mtandao uliokatika kwa nusu dakika. Mwaka 1985 mtumiaji alivumilia. Leo simu za ofisi zinapita kwenye swichi hizohizo, na sekunde 50 zinatosha kukata mazungumzo yote ya jengo.

Mwaka 2001 IEEE ilitoa toleo la haraka, 802.1w, liitwalo RSTP. Badala ya kungoja muda huo uishe, swichi mbili jirani hupeana pendekezo na kukubaliana papo hapo, na kila swichi huwa imekwisha kuandaa porti mbadala kabla ya msiba. Kebo ikichomolewa, njia ya pili huweza kufunguka kabla ya sekunde moja kwisha. Pale ambapo kebo haikuchomolewa bali jirani amenyamaza tu, swichi hukosa salamu tatu, yaani sekunde 6, kisha huchukua hatua. Kwa swichi yoyote inayouzwa leo kwa matumizi ya ofisi, hakuna sababu ya kubaki na toleo la zamani, na fundi anayekuta limewashwa alibadilishe.

RSTP ina sharti lake. Ni lazima iambiwe porti zipi zinakwenda kwa kompyuta, printa na simu, ambako hakuna swichi nyingine. Hizo huitwa porti za pembeni, nazo hufunguka mara moja. Zisipotangazwa, kompyuta ya mhasibu itasubiri sekunde 30 kila inapowashwa, na huenda ikakata tamaa ya kupata anwani kabla porti haijafunguka. Wengi wakikumbana na usumbufu huo huizima itifaki yote, nao ukatulia. Wamefungua mlango wa dhoruba kwa kukosa kuandika neno moja kwenye mipangilio.

Dhoruba nyingi huanzia mezani, mbali na chumba cha seva. Mfanyakazi anahamisha kiti, anaona ncha ya kebo inaning'inia, na kwa nia njema anaichomeka katika tundu la karibu ukutani. Ncha ya pili ilikuwa tayari ukutani. Simu ya mezani ya mtandao ina matundu mawili, moja la ukutani na moja la kompyuta. Yote mawili yakichomekwa ukutani, kitanzi kimekamilika. Mwingine analeta kiswichi cha bei nafuu kutoka dukani ili apate nafasi ya printa. Kwa ajili hiyo porti za pembeni zinahitaji mlinzi: amri inayosema kwamba BPDU yoyote ikisikika hapa, mahali pasipotakiwa kuwa na swichi, porti ijifunge hadi fundi aje. Kuna mlinzi mwingine wa kuwekwa kwenye porti zinazoelekea ghorofani, anayekataa swichi ya huko kujitwalia mzizi. Bila huyo, kisanduku kikongwe kilichotolewa stoo kinaweza kupindua mtandao mzima kwa kuchomekwa tu.

Kuna hitilafu moja inayostahili kutajwa peke yake kwa sababu inamdanganya hata fundi mzoefu. Kiungo cha nyuzi za kioo kwa kawaida kina nyuzi mbili, mmoja wa kutuma na mwingine wa kupokea. Ukikatika mmoja tu, upande mmoja unaendelea kusema lakini hausikiki. Ikiwa asiyesikia ni yule mwenye porti iliyofungwa, ataona salamu zimekoma, atadhani mwenzake amekufa, na atafungua porti yake kwa nia ya kuokoa jahazi. Mwenzake yu hai. Kitanzi kimezaliwa kutokana na kifaa kilichofuata kanuni neno kwa neno. Swichi nzuri zina kinga ya hili: porti iliyokuwa ikipokea salamu, kisha ikazikosa, huwekwa kando badala ya kufunguliwa. Kinga hiyo huwashwa kwa amri, isipowashwa haipo.

Kwa mwanga huo inafaa kurudi Boston. Muda wa sekunde 20 na 15 ulikokotolewa kwa dhana kwamba mti hautazidi swichi 7 kutoka ncha hadi ncha. Zikizidi, habari za mabadiliko huchelewa kufika, na sehemu moja ya mtandao inaweza kuamini mti ambao sehemu nyingine imekwisha kuuacha. Beth Israel na New England Deaconess ziliungana mwaka 1996, na mtandao ukakua kwa kuongezewa kipande baada ya kipande bila kuchorwa upya, hadi baadhi ya sehemu zikavuka kikomo hicho. Kwa miaka hakuna aliyeona dalili. Ulipokuja mzigo mkubwa, swichi zikalemewa, salamu zikachelewa, na mti ukaanguka. John Halamka, aliyekuwa mkuu wa mifumo ya habari, hakuficha. Alieleza makosa hadharani ili hospitali nyingine zijifunze, na moja ya mafunzo aliyoyataja ni kwamba mtandao haupaswi kumtegemea mtu mmoja pekee anayeuelewa. Viongozi wa taasisi wanaosema ukweli wa aina hiyo ni wachache, na wanastahili heshima.

Hospitali ilijenga upya kiini cha mtandao wake kwa ruta, na huo ndio ushauri unaofaa kwa mtandao wowote unaokua. Mti mtandazo uwe mfupi: swichi za ghorofani ziunganishwe na jozi ya swichi za kati, na kutoka hapo ruta zichukue kazi. Pale ambapo kebo mbili zinakwenda kati ya swichi mbili zilezile, ni vyema zifungwe pamoja kwa itifaki ya LACP ili zihesabike kama kebo moja nene. Zote zitafanya kazi, na moja ikikatika nyingine itabeba. Perlman mwenyewe alirudi kwenye tatizo hili miaka ya 2000 na kupendekeza TRILL, inayozipa swichi akili ya ruta. Haikuenea sana. Mti wake wa mwaka 1985, katika mavazi yake mapya, bado unafanya kazi katika swichi nyingi za maofisini, na hata mahali ambapo ruta zimechukua uongozi unabaki umewashwa kama kinga dhidi ya ile kebo inayoning'inia mezani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kebo ya akiba huoza. Porti iliyofungwa kwa miaka mitatu inaweza kuwa imeshika kutu, kebo yake imekwisha kuazimwa kwa kazi nyingine, au imeunganishwa kwenye porti isiyo yake, na hakuna atakayejua mpaka siku ya msiba. Kwa hiyo ombi la mhadhara huu kwa mafundi wa hospitali, shule, benki na ofisi za serikali ni dogo. Wachore mtandao wao kwenye karatasi moja, waandike jina la swichi iliyo mzizi na ya mrithi wake, waibandike mlangoni mwa chumba cha seva. Kisha wachague asubuhi moja ya Jumamosi, wawaarifu watumiaji wa mtandao, na wachomoe kebo kuu kwa mkono huku mmoja akishika saa. Njia ya pili ikifunguka ndani ya sekunde chache, kazi ni nzuri. Ikichukua sekunde 30 au zaidi, mahali fulani toleo la zamani bado linafanya kazi, nalo litafutwe siku hiyohiyo.